Mama Yuko Upande wa Kushoto

Tarehe 4 Machi

Kitindamimba wangu,

Mimi ni mzima kama reli. Hofu ni kwako wewe, uliye mbali na baba yako.

Mzigo umefika. Karani wa posta aliutikisa akasema, "Mzee, humu mna sahani." Nikamwambia sahani unazijua wewe wa kula kula, hii ni mashine. Nikaifungulia pale pale kaunta ili foleni nzima ione. Nyembamba kama daftari, nyeusi, ina mdomo unaotoka wenyewe ukibonyeza. Karatasi yako nimeisoma mara tatu, na unajua mimi nikisoma kitu mara tatu kimekwisha. Ina kazi mbili. Ukiitia betri inaimba peke yake. Ukichomeka waya wake kwenye kompyuta haiimbi tena, inasoma: inachukua yaliyomo ndani ya diski inayaweka kwenye kioo. Nimewaeleza majirani wote. Kinyozi alibisha, nikampelekea dukani kwake akanyamaza. Sasa mtaa mzima unajua kwamba mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini, darasa la jioni la kiwandani, wa kwanza kati ya watu ishirini na sita, na huyo wa pili alikuwa nyuma huko hata haonekani, ndiye mwenye mashine inayosoma na kuimba.

Umesema mgeni wa hoteli aliisahau chumbani, mwaka ukapita bila kuiulizia, ndipo msimamizi wenu wa kufulia akakupa. Basi huyo mgeni ni mjinga, na Mungu ambariki.

Sasa nisikilize. Diski ya kwanza kuweka ni ile ya bendi ya kiwandani, uliyoninakilishia kutoka kwenye kanda, aliyoimba mama yako kabla hujazaliwa. Magitaa yapo. Ngoma ipo. Yule wa tarumbeta aliyekuwa akikosea, bado anakosea. Lakini mama yako haimbi. Nimesikiliza mpaka mwisho. Bendi inapiga, inashuka kumpisha apite, na pale pa kupita hakuna mtu.

Ni hedifoni tu. Ya kushoto imekufa, inasema ya kulia peke yake. Wewe usiogope, mimi sikuogopa. Mimi ndiye niliyekaa kinu cha unga miaka thelathini na nne, ncha ya bisibisi ndefu kwenye mashine, mpini kwenye sikio langu la kushoto, nikasema beringi ya tatu inakufa, na wakifungua, kweli ni ya tatu. Bure bure watu hawaniiti Sikio. Mwaka ule wa mvua nyingi meneja alisema acha iende, tuna oda. Nikazima kinu kizima kwa mkono wangu huu. Nikamwambia, bosi, mashine inayolia usipoifungua, itamfungua mtu. Walipofungua, shafti imebaki uzi. Sasa hedifoni ndiyo initishe?

Tuma nyingine. Na simu usipige tena, mtandao wa huku unakoroma.

Ni mimi baba yako,
Sikio


Tarehe 13 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye meza ya pasi, nikacheka mpaka wenzangu wakadhani nimepokea mahari. Maskini karani wa posta.

Suala la mama ni rahisi. Yule aliyeninakilishia kanda alinieleza kwamba siku zile walirekodi sauti ya mwimbaji upande mmoja na vyombo upande mwingine. Mama yuko kushoto peke yake, bendi yote iko kulia. Kwa hiyo ya kushoto ikinyamaza, mama naye hayupo. Hajafutika. Nakutumia hedifoni mpya, zile za vipande viwili vya kuchomeka masikioni, zimeandikwa ipi ya kulia na ipi ya kushoto. Nimezijaribu mwenyewe kwenye redio ya mwenzangu kabla ya kuzifunga, pande zote mbili. Nilimweka mama, ninayo nakala yangu. Alipoanza nilikuwa na shuka la watu mkononi, ikabidi nikae chini.

Baba, nikuulize bila ugomvi. Jumapili ile nilipopiga nilikuuliza kama umekula. Ukanijibu kwamba paa halivuji. Nikauliza tena, ukanijibu kwamba paa halivuji, kwa hasira. Simu unaisikiliza kwa sikio lipi?

Hapa kwetu kazi ni nyingi, hoteli imejaa. Mikono yangu imekuwa myeupe kwa sabuni. Mengine yote salama.

Binti yako,
Kitindamimba


Tarehe 24 Machi

Kitindamimba wangu,

Mimi mzima, hofu kwako.

Simu naisikiliza kwa sikio la kazi, la kushoto, lile lile lililokulisha na kukusomesha. Na paa halivuji.

Hizo hedifoni mpya umeuziwa mbovu. Kushoto kimya. Nimezipeleka kwa fundi wa redio, yule niliyemfundisha mwenyewe kinuni kushika spana kabla hajakimbilia mambo mepesi. Akazivaa, akatikisa kichwa kwa wimbo, akasema, "Mzee, zote mbili zinaimba." Nikamwambia masikio yako wewe ni ya kutundikia miwani. Nikaondoka. Na sakafu ya duka lake ina mteremko, nimemwambia ataua mtu, nusura niangukie kwenye meza yake.

Nyumbani nikafanya kama anavyofanya fundi wa kweli. Ukitaka kujua kama ubovu uko kwenye waya au kwenye taa, unahamisha. Nikahamisha. Ya kushoto nikaitia sikio la kulia, ya kulia nikaitia la kushoto.

Mama yako akaja.

Alikuja karibu kabisa. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kuimba, ile pumzi yake fupi kama mtu anayetaka kukukatiza. Lakini magitaa yakafa yote. Ngoma ikafa. Akawa anaimba peke yake kama mtu aliyeachwa ndani ya ukumbi, watu wameshaondoka.

Nikarudisha. Mama yako akaondoka, bendi ikaja. Nikageuza tena. Nimegeuza mara tisa, kitindamimba. Ubovu wa mashine hauhami. Beringi ikifa inafia mahali pake. Hii inahama. Chochote ninachokileta kushoto kinakufa, na nikikiondoa kushoto kinafufuka. Sijaona mashine ya namna hii. Labda ndiyo maana yule mgeni hakuirudia. Nimeifunika na sufuria jikoni, juu ya sufuria nimeweka tofali.

Nyembe za siku hizi hazina makali wala heshima. Nimejikata shavu la kushoto wakati wa kunyoa, sikujua mpaka damu ilipofika kwenye kola. Hata haikuuma. Nyembe gani hizo.

Hayo ya kugeuza usimwambie mtu.

Ni mimi baba yako,
Sikio


Tarehe 26 Machi

Dada,

Pole kwa kazi za huko. Mimi ni fundi wa redio wa mtaani kwenu, niliwahi kufanya kazi chini ya baba yako kinuni. Anwani yako nimeichukua juu ya bahasha aliyoniachia niiposti. Akijua nimekuandikia atanivunjia meza, kwa hiyo nakuomba ukishasoma, uichane.

Hedifoni ulizotuma ni nzima. Mashine ni nzima. Na sakafu yangu ni sawa. Alipoilaumu, nilichukua gololi nikaiweka katikati ya duka mbele ya macho yake. Ilitulia pale pale. Aliitazama ile gololi muda mrefu, dada. Kisha akasema gololi nayo ni mbovu, akatoka ameshika ukuta.

Jana gari la maji lilikuja upande wake wa kushoto. Lilipiga honi mpaka watu wakatoka madukani. Yeye anatembea tu, anapiga mluzi. Nilimvuta shati kwa nyuma, kifungo kikabaki mkononi mwangu. Aligeuka akanitukana kwa ajili ya kifungo. Lile gari hakuliona hata lilipopita.

Nimemwingia kwa mlango anaoupenda. Nimemwambia, mzee, nenda ukapimwe, cheti tutakitundika dukani kwangu ukutani kiseme Sikio bado ni zima, tumnyamazishe kinyozi. Amekubali. Keshokutwa nakwenda naye.

Kifungo ninacho.

Fundi wa redio


Tarehe 11 Aprili

Kitindamimba wangu,

Mimi mzima. Hofu kwako.

Nimepimwa. Nilikwenda kwa sababu fundi wa redio analionea wivu sikio langu, nikaona tumalize maneno. Kuna daktari wa masikio, mwanamke, huja hospitali yetu kwa juma moja tu, kisha huondoka kwa muda. Alikuwa na chuma chenye meno mawili, anakigonga, anakusogezea sikioni kikilia. Alikuja upande wa kushoto akaniuliza, "Unasikia?" Nikasema nasikia vizuri sana. Akasema, "Mzee, sijakigonga bado."

Hiyo si haki. Mtu hupimwi kwa kutegwa.

Basi akanituma mji wa pili kupigwa picha ya kichwa. Fundi akanisindikiza, njia nzima anaongea na mimi sijui anaongea nini. Wakanilaza ndani ya bomba. Linagonga, kitindamimba, linagonga kama kinu kilichokosa mafuta, na mimi nimelala ndani yake kama gunia. Nilipotoka nikamwambia mpiga picha, humu kuna kitu kimelegea. Akasema, "Ndivyo inavyolia, mzee." Nikamwambia ndivyo wanavyosema wote.

Nilidhani watanipa ile picha kubwa nyeusi, kama ya mama yako. Wakanipa diski. Inang'aa, haina mkwaruzo, jina langu limeandikwa juu kwa wino mwekundu. Nikauliza, inasemaje? Akasema yeye ni wa kupiga tu, wa kusoma ni daktari wa masikio.

Nikarudi kwa daktari siku yake ya mwisho. Kompyuta yake nyembamba kama kaki, haina mdomo wa diski, wanasema siku hizi haziwekwi. Ile ya hospitali yenye mdomo ilikufa mwaka jana. Akaniuliza, "Mzee, hapa mjini humfahamu mtu mwenye kisomeo cha diski, hata cha kuazima?"

Nilimtazama machoni. Nikasema simfahamu.

Nesi aliyekuwa mlangoni anakaa nyuma ya kinyozi. Alikohoa.

Nilipofika nyumbani nikaondoa tofali, nikaondoa sufuria. Nikaiweka ile diski, nikatia betri, nikachomeka hedifoni. Nilitaka kusikia kichwa changu kinaimba nini. Ikazunguka. Nikabonyeza mbele, nikabonyeza nyuma. Ikazunguka. Hakuna hata mkwaruzo. Kulia kimya na kushoto kimya. Ndiyo mara ya kwanza pande zote mbili kulingana.

Basi nimefikiri nikaona hivi. Kitu ambacho hakijasomwa hakijaandikwa. Diski nimeiweka mahali. Tusiizungumze.

Mahindi ya jirani yamestawi. Watu wanakusalimu.

Ni mimi baba yako,
Sikio


Tarehe 19 Aprili

Baba, shikamoo.

Umeiweka mahali gani? Juu ya kabati?

Nisamehe kwa kuanza hivyo. Nimejaribu kuanza vizuri mara nne nimeshindwa.

Unakumbuka bahasha ya mama? Ile kubwa ya kahawia, yenye picha yake ya hospitali. Ilikaa juu ya kabati miezi mitatu haijafunguliwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila Jumamosi nilikuwa napanda kwenye kiti kuifuta vumbi, kwa sababu mama aliniambia, "Usiifungue, ifute tu." Nikaifuta. Nilikuwa naifuta vizuri, pembe zote. Halafu mkaipeleka, daktari akaisoma, na siku ya kumi na moja tukamzika.

Ninajua unavyohesabu, baba. Wewe unahesabu tangu siku iliposomwa. Ndiyo maana ukaona kusomwa ndiko kulikomuua. Mimi nahesabu tangu siku ilipowekwa kabatini.

Sina elimu ya udaktari, mimi ni mfua shuka. Lakini mtu mmoja aliniandikia mwezi uliopita kwamba alizima kinu kizima, meneja amesimama pale, oda zinasubiri, kwa sababu mashine inayolia usipoifungua itamfungua mtu. Mtu huyo nilimwamini tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nikiwasimulia wenzangu shuleni, wakachoka. Yuko wapi? Au alikuwa hodari kwa mashine za watu tu?

Daktari anarudi hapo tarehe 4 Mei, anaondoka Ijumaa tarehe 8. Baada ya hapo hadi Julai. Amesema anayeyumba hivyo asingoje Julai. Nayajua haya na mengine ambayo hukuniandikia, na fundi usimgombeze, asingekuvuta shati nisingekuwa na wa kumwandikia barua hii.

Mashine ya kuisoma diski hiyo iko jikoni kwako chini ya sufuria. Hakuna nyingine mjini. Wewe mwenyewe uliutangazia mtaa mzima.

Naogopa, baba. Jana nimeunguza shuka kwa pasi, nimesimama tu nalitazama linaungua. Niambie nije. Neno moja tu, nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Binti yako,
Kitindamimba


Tarehe 28 Aprili

Barua yako nimeipata.

Bahasha ya mama yako usiitaje tena. Mashine imeharibika. Diski imepotea. Usije.

Sikio


Tarehe 6 Mei

Dada,

Daktari yupo tangu Jumatatu. Mzee hajaenda.

Leo mchana nilikwenda kwake. Nilibisha hodi mpaka mkono ukauma. Nikachungulia dirishani, nikamwona amekaa kwenye kiti, nyaya za hedifoni zinaning'inia, macho ameyafumba. Niligonga kioo. Dirisha lile liko kushoto kwake. Nikagonga kwa ufunguo. Jikoni kulikuwa na chungu kinaungua, moshi umeshafika mlangoni, kifuniko kinaruka. Hakugeuka.

Nikazunguka nyumba, nikagonga dirisha la upande wa pili. Akashtuka, akaniona, akaona moshi. Alikimbilia jikoni kwa kupapasa ukuta. Akazima moto. Kisha akarudi, akanitazama pale nje, wala hakunitukana. Akavuta pazia.

Afadhali angenitukana.

Zimebaki siku mbili. Kesho nitarudi, na keshokutwa. Ikibidi nitavunja kitasa, ila kumbeba siwezi na wala hatakubali. Omba kwa namna unayoijua.

Fundi wa redio


Tarehe 9 Mei

Kitindamimba wangu,

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi kwa ajili ya mstari wa kwanza. Barua zangu zote huanza mimi mzima, hofu kwako. Leo umenigomea. Nimeugeuza kama hedifoni ndipo ukaandikika: wewe uwe mzima. Hofu iko kwangu. Mimi, baba yako.

Jana Ijumaa nilikwenda.

Nitakwambia kwa nini, na usidhani ni kwa sababu ya maneno yako makali, ingawa yalikuwa makali. Ni ule moshi. Nilikuwa namsikiliza mama yako kwa sikio la kulia. Nikimtaka yeye naikosa bendi, nikiitaka bendi namkosa yeye, nilikuwa nimeshazoea, nikasema basi, hata nusu ni mali. Halafu nikaona moshi na kifuniko kinaruka juu ya chungu, kinaruka, kinaruka, na hakisemi kitu. Nikawaza, je, na huku kulia kukifuata? Nitamweka wapi mama yako? Nimekaa usiku wa siku mbili na swali hilo. Sikumweka popote.

Asubuhi nikatoa diski juu ya kabati. Ndiyo, ilikuwa juu ya kabati. Nikaibeba mashine kwapani, na fundi nikamkuta amekaa kwenye ngazi yangu na nyundo. Nikamuuliza nyundo ya nini. Akasema anapita tu.

Daktari alikuwa anafunga mkoba wake. Nikaweka mashine mezani. Nikamwambia, uliniuliza kama namfahamu mtu mwenye kisomeo cha diski. Nimemkumbuka. Akasema, "Yuko wapi?" Nikasema unamtazama. Nesi alikohoa tena, huyo kifua chake kina kazi.

Wakachomeka waya. Taa ya kijani ikawaka. Ikazunguka kwa ile sauti yake, na mimi nikajikuta nangoja iimbe. Haikuimba. Kichwa changu kikatokea kwenye kioo, cheusi na cheupe, kimekatwa vipande kama kabichi sokoni. Daktari akawa anavuta kipande kimoja baada ya kingine, anavuta, anavuta. Akaacha kuvuta. Akaacha na kusema.

Hapo nilijua. Nimekaa na mafundi maisha yangu yote. Fundi akinyamaza hivyo, ameona.

Nikamwambia, daktari, usinifiche, hata mimi kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu habari mbaya za mashine zao. Beringi ya ngapi? Akacheka kidogo, kisha akanionyesha. Iko kushoto, kwenye mshipa wa sikio unapoingia ndani. Nyeupe, mviringo, imetulia. Kama gololi. Kama ile gololi aliyoniwekea fundi sakafuni, nikasema ni mbovu.

Amesema ni uvimbe, ila si ile aina inayotawanyika mwilini. Imekua polepole, miaka labda, hata nilipokuwa bado naringa kinuni. Lakini sasa inasukuma pale penye kumsimamisha mtu, na ikiachwa itasukuma pale penye kumvutisha pumzi. Itolewe. Huko kwenu, hospitali kubwa, tarehe 21 mwezi huu, amepiga simu mwenyewe nikiwa nimekaa pale. Sikio la kushoto halirudi, hilo nisahau. Uso unaweza kupinda. Nikamuuliza na lile la mwisho. Akasema wapo wanaobakia kwenye meza ya upasuaji, si wengi. Nikamwambia si wengi ni wangapi? Akaweka kalamu chini akasema, "Mzee, angekuwa baba yangu, ningempeleka."

Alipochomoa waya akaniambia mashine yako nzuri, itunze. Kitindamimba, nilisema asante tu. Mimi.

Sasa kuna jambo ambalo nililiweka kabatini muda mrefu kuliko bahasha. Uliandika kwamba mama yako alikwambia usiifungue, ifute tu. Maneno yale hayakuwa yake. Yalikuwa yangu. Yeye alitaka tuipeleke siku ile ile tuliyopewa. Aliniomba. Mimi nikasema tungoje kidogo. Kila juma nikasema tungoje kidogo. Alipoona wewe unaanza kuuliza, akayasema yeye, ili usije ukanichukia. Nilikuwa najua kusoma wakati ule. Wa kwanza kati ya ishirini na sita. Nikaogopa karatasi.

Nilipoona kwenye kioo ile gololi nyeupe, nilimwona na yeye amekaa kitandani ananitazama, anangoja nivae viatu.

Unayo haki ya kunichukia. Ila nakuomba unichukie baada ya tarehe 21.

Nilikwambia usije. Na huku usije kweli, nakuja mimi. Tutashuka kituoni hapo Jumanne tarehe 19, jioni, mimi na fundi. Nimemwomba radhi, kwa kifupi. Kifungo amenishonea mwenyewe, vibaya, kimekaa kama jicho la chongo. Ukiniita kituoni nisipogeuka, sijakasirika, zunguka tu uje kulia. Kila mahali kaa kulia kwangu. Kushoto atakaa fundi, azuie magari.

Mashine nakuja nayo. Betri nimenunua mpya. Tukikaa, hedifoni tutagawana, kila mtu kipande chake. Hizo siku mbili nitakupa magitaa, mama yako niachie mimi. Nitamsikiliza vizuri, nina mengi ya kumjibu.

Halafu asubuhi ile, wakija kuniita, nitakutolea kipande changu sikioni mwangu na kukupa. Uchukue na mashine, na diski zote mbili, ya kuimba na ya kusoma. Usimpe mtu. Usiziweke juu ya kitu chochote. Zishike mkononi.

Nishikie mpaka nitoke.

Ni mimi, baba yako tu